Fedha inayong'aa, na chumvi iliyojificha ndani yake

Pete ya fedha hung'aa kwa sababu inarudisha mwanga wa jua au wa taa. Yenyewe haitoi chochote. Iweke chini ya ile taa ya urujuani wanayotumia madukani kukagulia noti bandia, utaona pete ileile. Lakini chukua atomi 16 za madini hayohayo, zifungwe na vipande viwili vifupi vya DNA, uzimulike kwa mwanga wa kijani, nazo zitatoa mwanga wao wenyewe, mwekundu uliokolea hadi kuvuka mpaka wa kile jicho la binadamu linachoweza kuona. Badilisha mpangilio wa herufi za DNA hiyo, na unaweza kupata rangi nyingine: kijani, chungwa, nyekundu. Vitu hivi huitwa nanoklasta za fedha. Mimi nitaviita vishada, maana ndivyo vilivyo, atomi chache zilizoshikana.

Vishada hivi vimetengenezwa tangu 2004, na kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata watu walivitengeneza, wakavipima na kuviandikia makala mamia bila kujua kwa uhakika walikuwa wameshika nini. Sisemi hivi kwa kubeza. Kemia mara nyingi hutangulia kupata kitu kabla ya kukielewa. Ila tofauti kati ya kishada kinachojulikana na mchanganyiko unaong'aa ndiyo inayoamua ni ahadi zipi kati ya nyingi zilizotolewa zinastahili kuaminiwa, na wasomaji wa habari za sayansi hawaambiwi tofauti hiyo.

Tuanze na kwa nini fedha ndogo ing'ae wakati fedha kubwa haiwezi. Katika kipande kikubwa cha metali, elektroni za nje huzunguka kote bila kumilikiwa na atomi yoyote, na viwango vya nishati vinavyopatikana kwao vimebanana mno. Elektroni iliyopandishwa na mwanga hushuka taratibu, hatua baada ya hatua, na karibu nishati yote huishia kuwa joto. Mwaka 1857 Michael Faraday aliwaeleza wasikilizaji wa Royal Society jijini London kwamba dhahabu iliyosambazwa majini katika chembe ndogo sana huonekana nyekundu kama yakuti. Lilikuwa jambo la ajabu, lakini chembe zake bado zilikuwa kubwa, zenye maelfu ya atomi na zaidi, na wekundu ule ulitokana na mwanga kunyonywa na kutawanywa. Ili metali itoe mwanga wake yenyewe kwa nguvu inabidi ushuke hadi ukubwa wa nanomita moja hivi, pale ambapo atomi zinaweza kuhesabika. Hapo viwango vya nishati huachana. Elektroni iliyopanda haikuti tena vidato vya kushukia. Huruka mara moja, na tofauti ya nishati hutoka kama mwanga. Kadiri pengo linavyokuwa pana ndivyo rangi inavyoelekea bluu, na likiwa jembamba rangi huelekea nyekundu.

Tatizo ni kwamba fedha haipendi kukaa ndogo. Atomi zake zikiachwa majini huungana na kuungana hadi zinakuwa chembe kubwa zisizong'aa. Wapiga picha wa enzi za filamu walitegemea vishada vidogo vya fedha bila kuviona: atomi nne hivi za fedha zilizojikusanya juu ya punje ya bromidi ya fedha zilitosha kuifanya punje nzima igeuke nyeusi wakati wa kusafisha picha. Huko vishada vilishikiliwa na punje yenyewe, ndani ya jelatini. Ndani ya maji unahitaji mlinzi mwingine.

Mlinzi huyo alipatikana Atlanta, Marekani. Robert Dickson na wenzake wa Georgia Institute of Technology walikuwa wameonyesha mwaka 2001 kwamba utando wa oksidi ya fedha ukimulikwa huzaa vishada vinavyong'aa kimoja kimoja. Mwaka 2004 Jeffrey Petty, wa Furman University huko South Carolina, akishirikiana na Dickson na kundi lake, alitoa taarifa kwamba DNA fupi ya besi 12 inaweza kushikilia vishada vya fedha ndani ya maji. Sababu ni ya kikemia kabisa. Kati ya besi nne za DNA, saitosini ina atomi ya naitrojeni inayovuta ayoni za fedha kwa nguvu. Guanini nayo huzivuta. Thaimini, katika maji ya kawaida ya maabara, haizijali sana. Kwa hiyo uzi wa DNA huwa na sehemu zinazonata na zisizonata, na mpangilio wake unaandikwa na yule anayeagiza DNA hiyo kutoka kiwandani, herufi kwa herufi.

Mapishi yenyewe hayamshindi mwanafunzi wa chuo. Unayeyusha DNA, unatia nitrati ya fedha, unasubiri ayoni zishike mahali pake, kisha unatia sodiamu borohidridi kidogo ili baadhi ya ayoni zipokee elektroni na kuwa metali. Unatikisa, unaweka gizani. Baada ya saa kadhaa, au siku, kichupa kinang'aa. Sharti moja lilirudiwa katika maabara nyingi: usiweke chumvi ya kawaida, wala kitu chochote chenye kloraidi nyingi, kwa sababu fedha na kloraidi zikikutana hutoa mashapo meupe na kazi yako imeharibika. Likumbuke sharti hilo.

Urahisi huu ndio uliojaza majarida. Kila maabara yenye taa ya urujuani na bajeti ndogo iliweza kuagiza DNA, kupika, kupata rangi na kuandika. Lakini kichupa kimoja kina wakazi wengi. Kuna DNA isiyoshika fedha yoyote, kuna DNA iliyoshika ayoni chache zisizong'aa, kuna vishada vya ukubwa tofauti juu ya mfuatano uleule, na kuna chembe kubwa nyeusi zinazonyonya mwanga bila kurudisha. Ukipima kichupa kizima, unapima wastani wa umati. Katika jaribio la 2004 spektromita ya masi ilionyesha atomi moja hadi nne za fedha kwa kila uzi. Baadaye, vishada vinavyong'aa vilipotenganishwa, vilionekana kwa kawaida kuwa na atomi kumi na kuendelea.

Kazi ya kutenganisha, isiyo na mvuto wa magazetini, ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote katika somo hili. Kundi la Elisabeth Gwinn huko University of California, Santa Barbara, lilikuwa kati ya waliosisitiza kwamba lazima vishada vipitishwe kwenye kromatografia, kila aina itoke peke yake, kisha ipimwe masi yake. Danielle Schultz na wenzake walipofanya hivyo, mwaka 2013 waliweza kusema jambo ambalo mchanganyiko usingelisema kamwe: vishada hivi si duara, ni vijiti. Si atomi zote za fedha ndani yake zilizo sawa pia. Baadhi zimebaki ayoni, zimeshika DNA kama gundi; nyingine zimetoa elektroni zao kwa kundi zima, nazo ndizo zinazotengeneza ule ukumbi mdogo ambamo elektroni hucheza. Rangi hufuata idadi ya elektroni hizo. Elektroni nne huelekea kuzaa kijani, sita, wekundu.

Mwaka 2014 Stacy Copp, akiwa kwenye kundi hilohilo, alieleza pamoja na wenzake kwamba namba hizo nne na sita hujirudia mno kiasi cha kuitwa namba za kimiujiza. Kwa vishada vya metali vyenye umbo la duara wanafizikia walishazoea namba nyingine, kama 2, 8 na 20, zinazotokana na jinsi elektroni zinavyojaza tabaka. Kupata nne na sita badala ya nane kulikuwa ushahidi mwingine kwamba umbo ni la kijiti, na kwamba DNA haikai pembeni kama mfuko tu. Inalilazimisha kundi la atomi kurefuka.

Lakini ni mfuatano upi unaozaa kijiti kipi? Kwa DNA ya besi kumi tu, mifuatano inayowezekana ni 1,048,576. Kwa besi 12 inafika 16,777,216. Wengi waliosema wamebuni kishada cha rangi fulani walikuwa wamejaribu kadhaa na kuchagua kilichong'aa. Copp alichukua njia ya uwazi zaidi: roboti ipike mamia ya mifuatano ya kubahatisha, mashine isome mwanga, kisha programu ya kompyuta itafute vipande vya herufi vinavyojirudia katika vile vinavyong'aa na vinavyokosekana katika vile vilivyokufa. Programu ilipopewa nafasi ya kupendekeza mifuatano mipya, ilipatia mara nyingi zaidi kuliko bahati. Njia hii ina mipaka yake. Programu inajua kwamba vipande fulani vyenye saitosini na guanini vinafaa na kwamba thaimini nyingi huleta giza. Haijui kwa nini. Hata hivyo napendelea ujinga uliokubaliwa na kuwekwa kwenye takwimu kuliko maelezo mazuri yaliyotungwa baada ya tukio.

Sasa tuje kwenye vipimo, kwa sababu ndipo fedha hii inapotangazwa zaidi, na ndipo habari zake zinapotugusa. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba zebaki majini huzima mng'ao wa vishada vya fedha vilivyoshikwa na DNA, hata ikiwa katika kiwango cha nanomoli. Ayoni ya zebaki hushikana na fedha moja kwa moja na kuiharibia mpangilio wa elektroni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kioganiki kwa lita ya maji ya kunywa, sawa na karibu nanomoli 30, kwa hiyo unyeti wa kipimo cha namna hii unatosha kwenye karatasi. Msomaji wa Geita, au popote Kanda ya Ziwa ambako wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki na kisha kuichoma, atauliza mara moja: kwa nini basi hatuna kijiti cha bei nafuu cha kuchovya kisimani?

Jibu la kwanza ni la kimantiki. Kipimo hiki hutoa taarifa kwa kuzimika. Kibatari kikizimika chumbani, huwezi kujua ukiwa nje kama ni upepo, mafuta yameisha, au mtu amekipuliza. Vishada vya fedha huzimwa na zebaki, ni kweli, lakini vinaweza pia kusumbuliwa na shaba, na salfa iliyo kwenye protini, na kloraidi, na hata kukaa muda mrefu kwenye joto. Maji ya maabara yaliyotiwa zebaki kwa makusudi hayana wapinzani hao. Maji ya kidimbwi cha machimbo yanao wote. Makala nyingi za aina hii hujaribu orodha ya ayoni moja moja na kuonyesha kwamba zebaki peke yake ndiyo iliyozima. Mara chache hujaribu tope. Na kama kishada hakikutenganishwa na wenzake kabla ya jaribio, hatujui hata ni mkazi yupi wa kichupa aliyezimika.

Jibu la pili lina uzito zaidi, nalo halihusu fedha hata kidogo. Mchimbaji hudhurika kwanza kwa mvuke anaouvuta anapochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, na familia zinazoishi kando ya maji hudhurika kwa zebaki ya methili iliyojikusanya ndani ya samaki. Kipimo kinachoona ayoni za zebaki majini, hata kingekuwa kamilifu, kingekuwa kinachungulia mahali ambapo sumu ipo kidogo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, umeelekeza nguvu kwenye kupunguza na, inapowezekana, kuondoa matumizi yenyewe ya zebaki machimboni. Nadhani umeelekeza vizuri. Mkemia anayetaka kuwasaidia wachimbaji kwa vishada hivi aanze na kuuliza sumu iko wapi.

Upande wa pili wa vipimo unanipa matumaini zaidi, kwa sababu unafanya kazi kwa kuwaka. Mwaka 2010 Hsin-Chih Yeh, James Werner na wenzao kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, walitengeneza kishada ambacho kikiwa juu ya uzi wake huwa gizani. Uzi huo una sehemu inayotafuta mfuatano fulani wa DNA. Ikiupata, kipande kingine chenye guanini nyingi hujikuta kando ya kishada, na kishada kile kilichokuwa gizani huwaka mwekundu, mara 500 hivi zaidi ya kilivyokuwa. Hapa makosa ni magumu kutokea. Vitu elfu vinaweza kuzima mwanga. Ni vichache sana vinavyoweza kuuwasha, tena kwa rangi uliyoitegemea. Baadaye Yeh, akiwa University of Texas at Austin, alitumia vile vibao vya mashine za kusomea jenomu kujaribu makumi ya maelfu ya mifuatano kwa mkupuo, akitafuta vipande vinavyowasha zaidi. Hiyo pia ni kuchekecha, lakini ni kuchekecha kunakoacha kumbukumbu ya kila punje.

Mengi ya hayo yalifanyika bila mtu yeyote kuwa ameona kishada kinachong'aa kikiwa kizima, atomi kwa atomi. Fuwele zinazohitajika ili eksirei zionyeshe umbo zilikuwa zimekataa kuota. Kisha mwaka 2019 makundi mawili yalichapisha maumbo, kila moja kivyake. Kundi moja, walimokuwamo Petty na Dickson, lilionyesha kishada cha kijani chenye atomi nane. Kundi lingine, la Tom Vosch wa University of Copenhagen na Jiro Kondo wa Sophia University, Tokyo, lilitoa kile cha atomi 16 nilichoanza nacho: nyuzi mbili za besi kumi, CACCTAGCGA, zimekumbatia kijiti cha fedha. Kinameza kijani cha nanomita 525 hivi na kutoa mwanga wa takriban nanomita 735, na karibu robo ya mwanga kinaoumeza hurudi kama mng'ao. Masafa hayo ya mwanga yana faida ya wazi kwa tiba, maana damu na nyama huyapitisha vizuri kuliko kijani au bluu.

Umbo lile lilifundisha mengi kwa haraka. Lilithibitisha kijiti. Lilionyesha pia kwamba si kila herufi ina kazi: thaimini iliyo nafasi ya tano haikushika fedha, na adenini ya mwisho nayo haikushika. Mwaka uliofuata watafiti haohao waliibadilisha ile ya tano, wakaiondoa ile ya kumi, na kishada kikaendelea kung'aa karibu vilevile. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kubadili herufi akijua anagusa nini.

Lakini kulikuwa na kasoro ndogo. Karibu na kijiti eksirei zilionyesha vivimbe viwili hafifu. Waandishi walivisoma kama atomi mbili za fedha zisizokuwapo katika kila nakala ya kishada, yaani nafasi zilizojazwa mara chache. Ilikuwa tafsiri yenye busara. Katika kitu kilichojaa fedha, kivimbe kidogo utakidhania fedha kidogo. Ilibaki hivyo hadi 2023. Kundi la Copp, ambaye sasa yuko University of California, Irvine, likishirikiana na Vosch, Kondo na Hannu Häkkinen wa Jyväskylä, Finland, lilipima masi ya kishada kilichotenganishwa kwa usahihi wa juu, na hesabu ikakataa. Kilichokuwapo hakikuwa fedha ya ziada. Ilikuwa kloraidi, mbili.

Hesabu yake ni nzuri kuifuata. Atomi 16 za fedha zingetoa elektroni 16. Kloraidi mbili huchukua mbili. Chaji ya kundi lote la fedha na kloraidi ni nane chanya, maana yake elektroni nane zimeondoka. Zinabaki sita, ileile namba ya wekundu. Fuwele iliposomwa upya kwa macho hayo, vivimbe vile viwili vilikaa vizuri kabisa kama kloraidi, na mahesabu ya Häkkinen yakakubali. Kisha wakabadilisha kloraidi hizo kwa bromidi, na rangi ikasogea zaidi kuelekea wekundu. Huwezi kupata uthibitisho mtamu kuliko huo: kitu kilichodhaniwa kuwa makombo kinabadilisha rangi ya mwanga.

Sasa rudi kwenye lile sharti la chumvi. Kloraidi, iliyotajwa kuwa adui wa mapishi haya, ilikuwa imekaa kimya ndani ya kishada maarufu kuliko vyote, ikikilinda. Vishada vingi vya fedha hufa katika maji yenye chumvi kama ya mwili wa binadamu. Hiki hakifi, na sababu ndiyo hizo atomi mbili. Nalisoma jambo hili kama hukumu juu ya miaka mingi ya kazi isiyotenganishwa. Hakuna kiasi cha kupima mwanga wa mchanganyiko ambacho kingeonyesha kloraidi mbili. Zilihitajika kromatografia, spektromita ya masi, fuwele, mahesabu ya elektroni, na watu wa nchi nne waliokubali kulifungua tena faili walilokuwa wamelifunga.

Walichofanya baadaye ndicho kinachonivutia zaidi kuliko tangazo lolote la kipimo kipya. Waligeuza chumvi kuwa chekeche: chukua vishada vingi vya mifuatano tofauti, vitie kwenye maji ya chumvi, uangalie ni vipi bado vinang'aa, kisha tafuta kloraidi ndani ya walionusurika. Kwa njia hiyo walikipata kishada kingine chenye kloraidi. Mtu anayetaka kipimo kitakachofanya kazi ndani ya damu, mate au maji ya kisima anapaswa kuanzia kwenye orodha hiyo ya walionusurika. Maabara ndogo yenye mashine ya kusoma mwanga na mifuatano michache inaweza kuchangia hatua ya kwanza. Hatua ya masi inahitaji mshirika mwenye spektromita nzuri.

Ukikutana tena na makala inayotangaza vishada vya fedha vinavyopima saratani, zebaki au kirusi kwa shilingi chache, pitia sehemu ya mbinu kwanza. Tafuta kama vilitenganishwa, kama masi yake ilipimwa, kama vinatoa taarifa kwa kuwaka au kwa kuzimika, na kama viliwahi kutiwa kwenye kitu chenye chumvi. Makala nyingi ninazozisoma hukwama kwenye swali la kwanza.